Msiisingizie Bahari

Wiki mbili zilizopita, majira ya saa moja asubuhi, kipande cha zege chenye ukubwa wa sahani ya wali kilibanduka chini ya kibaraza cha ghorofa ya tatu, katika jengo moja la kupangisha katikati ya jiji la Dar es Salaam, kikatua juu ya kigoda cha mama anayeuza vitumbua. Kigoda kilivunjika vipande viwili. Mama mwenyewe alikuwa ameinuka dakika hiyohiyo kwenda kuomba chenji kwa muuza magazeti. Nilipofika nilimkuta amekaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, bado ameikamata mkononi noti ya shilingi elfu kumi. Nikampa pole. "Mwalimu," akaniambia, "chenji ndiyo iliyoniokoa. Ningekuwa nayo leo, mngekuwa mnanizika."

Msimamizi wa jengo akaja. Akatazama juu, penye nondo zilizobaki wazi, nyekundu kwa kutu. Akatazama chini, akavisogeza vile vipande pembeni kwa kiatu, kisha akatoa hukumu: "Hii ni hali ya hewa tu, Mwalimu. Bahari iko karibu, na siku hizi tabianchi imebadilika." Kesho yake fundi alikuja na karai la saruji, akapaka palepale, juu ya kutu, na wiki haikuisha kibaraza kikapigwa rangi. Machoni pa mpita njia, jengo likawa jipya. Mama naye akarudi mahali pake, kwa kuwa hapo ndipo wateja wake walipo.

Makala hii inahusu maneno yale ya msimamizi. Yeye simlaumu sana, maana si yeye aliyeyabuni. Nimeyasikia vikaoni, katika semina, redioni na katika taarifa za wakubwa kila ukuta unapoanguka. Zamani tulisema ni mapenzi ya Mungu. Leo, kwa kuwa tumesoma, tunasema ni mabadiliko ya tabianchi. Kauli ya kwanza ilimsingizia Mungu, ya pili inaisingizia sayansi, na zote mbili zina faida moja kwa anayezitamka: mtuhumiwa hawezi kuitwa mahakamani. Hoja yangu ni hii: hewa chafu, chumvi ya bahari, mvua na joto kweli vinayala majengo yetu, lakini vinayala kwa kanuni zinazojulikana, kwa kasi inayokadirika, na polepole kiasi kwamba kila mwenye dhamana anapata miaka mingi ya kuchukua hatua. Jengo linaloanguka kwa sababu iliyojulikana miaka 30 kabla ya siku yake halikuuawa na hali ya hewa.

Tuanze na kemia, kwa sababu wanaoisingizia hali ya hewa hutegemea kwamba sisi wengine hatuijui.

Zege lina nguvu kubwa ya kubeba mzigo unaolikandamiza, lakini ni dhaifu likivutwa. Uwezo wake wa kustahimili mvuto ni takriban sehemu moja ya kumi ya uwezo wake wa kustahimili mkandamizo. Ndiyo maana tunalitia nondo. Nondo nazo, zikiachwa wazi katika hewa ya Dar es Salaam, huota kutu kabla masika haijaisha. Ndani ya zege haziioti, kwa sababu saruji iliyokomaa ina ualkali mkali, pH ya kati ya 12 na 13, na katika mazingira hayo chuma hujivika utando mwembamba usioonekana kwa macho, unaokikinga. Kila ghorofa la mji huu linategemea utando huo.

Maadui wa utando huo ni wawili. Wa kwanza ni hewa ukaa, ile inayotoka katika magari, majenereta, viwanda na majaa yetu yanayofuka moshi, na ambayo duniani kote imepanda kutoka takriban sehemu 280 kwa kila milioni ya hewa kabla ya zama za viwanda hadi zaidi ya 420 leo. Huingia katika vitundu vidogo vya zege, ikakutana na unyevu pamoja na chokaa iliyomo, ikaigeuza kuwa kalisi kaboneti, kitu kilekile kinachounda mawe ya chokaa. Zege halilainiki kwa tendo hilo, ila ualkali wake hushuka, na ukifika chini ya 9 hivi, utando wa nondo hupotea. Adui wa pili ni kloridi iliyomo katika chumvi ya bahari. Yeye hana haja ya kungoja ualkali ushuke. Huutoboa utando moja kwa moja. Upepo wa kusi na wa kaskazi humbeba kutoka kwenye mawimbi na kumpaka kwenye kuta. Nasi kwa mikono yetu humchanganya ndani ya zege lenyewe tunapotumia mchanga wa ufukweni usiooshwa au maji ya kisima cha chumvi. Zege la namna hiyo huzaliwa na ugonjwa wake.

Nondo ikianza kuota kutu, kutu hiyo huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, kati ya mara 2 na mara 6. Haina pa kwenda ila kulisukuma zege kutoka ndani, na zege, kama tulivyokwisha kuona, halistahimili mvuto. Kwanza hutokea ufa mwembamba unaofuata mstari wa nondo. Kisha hutokea doa la rangi ya kutu. Kisha ukigonga kwa nyundo unasikia mlio wa kitu kilicho wazi ndani. Mwisho kipande hudondoka juu ya kigoda cha mama wa vitumbua. Kutoka ufa hadi kipande huweza kupita miaka. Jengo hutoa taarifa mara tatu kabla ya kujeruhi mtu, na kila taarifa tunaipaka rangi.

Iko kanuni moja ambayo ningependa kila mpangaji aijue. Hewa ukaa haitembei ndani ya zege kwa mwendo uleule siku zote. Kina inachofikia hufuata kipeuo cha pili cha muda. Chukua mfano wa hesabu tu: zege hafifu ambalo hewa ukaa imelipenya milimita 10 katika miaka 10. Ili ifike milimita 20 haihitaji miaka 20, inahitaji 40. Ili ifike milimita 30 inahitaji 90. Sasa mfikirie fundi aliyeambiwa aziache nondo milimita 20 ndani ya zege, naye akaziacha milimita 10. Atadhani amepunguza sentimita moja ya zege. Kwa hesabu hii amepunguza miaka 30 ya usalama wa watu ambao hajawahi kuwaona.

Sentimita hiyo moja inalindwa na kitu gani? Inalindwa na vipande vidogo vya saruji ambavyo mafundi wetu huviita biskuti, vinavyowekwa chini ya nondo kabla ya kumwaga zege ili nondo zisilale juu ya mbao. Ni miongoni mwa vitu vya bei ndogo kabisa katika eneo lote la ujenzi. Nimepita na wanafunzi wangu mahali ambapo nondo zilikuwa zimelala mbaoni kabisa, lori la zege likiwa limekwisha kuwasili, na hapakuwa na mtu wa kusema subiri. Karatasi za ukaguzi zilikuwa zimekamilika, zina mihuri yote. Huo ni uamuzi wa binadamu, umefanywa mchana kweupe, na hauna uhusiano wowote na bahari.

Mwenye shaka na aende Kilwa. Hewa ukaa hiyohiyo inayowapokonya nondo ulinzi wao ndiyo inayoipa nguvu chokaa ya jadi. Wazee wa pwani walichoma matumbawe juu ya marundo ya magogo, wakaizima chokaa kwa maji, wakaiacha ikomae, wakaunganisha nayo mawe ya matumbawe. Chokaa hiyo hugeuka kuwa jiwe kwa kuivuta hewa ukaa iliyomo hewani, polepole, kwa miaka. Kuta zile hazina nondo ndani yake, kwa hiyo kloridi haikuti chuma cha kula. Ndiyo maana kuta za Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani na za Husuni Kubwa, kasri la karne ya 14, bado zinaonekana leo kando ya bahari ileile. Hapa Dar es Salaam, Boma la Kale lililojengwa miaka ya 1860, enzi ya Sultani Majid, lingali limesimama ng'ambo ya barabara kutoka bandarini. Kama bahari ndiyo muuaji, mbona imewaacha wazee hawa ikawakimbilia vijana wa miaka 40?

Sitaki kueleweka vibaya. Sisemi turudi kujenga kwa matumbawe. Miamba ya matumbawe ni uhai wa bahari yetu, na mikoko vilevile. Wala sisemi kwamba majengo ya kale hayafi. Kilwa yenyewe ilikuwa mahututi. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, na mwaka 2004 yakahamishiwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, mawimbi yakiwa yanaila pwani na kuta zikiwa zinabomoka. Mwaka 2014 yakaondolewa katika orodha hiyo ya hatari baada ya kazi ya miaka kadhaa ya kukarabati na kuzuia mmomonyoko. Bahari haikuhamishwa kati ya 2004 na 2014. Kilichobadilika ni kuwapo kwa watu, fedha na mpango wa kazi unaofuatwa.

Zanzibar inatufundisha upande wa pili wa somo hilohilo. Nyumba za Mji Mkongwe, ulioingia katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, zina kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, na sakafu zake hubebwa na boriti za mikoko. Ukuta wa namna hiyo unapumua: unakunywa unyevu wakati wa masika na kuutoa wakati wa kiangazi. Akija mtu mwenye haraka akaupiga plasta ya saruji, ameuziba pumzi. Maji yanayopanda kutoka ardhini na yanayoshuka kutoka kwenye paa linalovuja hubaki ndani. Chumvi iliyomo hukauka nyuma ya plasta, ikafanya fuwele, na fuwele zikapasua jiwe na kuisukuma plasta nje. Ncha za boriti zilizochomekwa ukutani huoza bila mtu kuona. Mgeni anayeona michirizi myeusi chini ya mapaa hudhani ni moshi. Mara nyingi ni kuvu na mwani, alama ya mahali maji yanapopita kila siku kwa sababu mfereji umeziba au haupo. Weusi ule unatuonesha hasa pa kuweka ngazi.

Nani angeipanda ngazi hiyo? Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilitaifishwa na kugawiwa familia zilizokuwa na haja ya kweli ya makazi. Kugawa kulikuwa tendo la haki. Kugawa bila kuweka utaratibu wa nani atalipia paa hakukuwa haki kwa aliyepewa. Nyumba iliyokuwa na mwenyewe mmoja mwenye mali ikawa na familia kadhaa zisizo na mali, kila moja na chumba chake, na paa likawa la wote. Cha wote, katika nchi isiyo na bajeti ya matengenezo, huishia kuwa si cha mtu.

Kisha tukafika 25 Desemba 2020. Beit al Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883, lenye nguzo za chuma na baraza zinazotazama bahari, jumba lililovuka mizinga ya manowari za Waingereza ya 27 Agosti 1896, liliporomoka sehemu yake kubwa likiwa katika ukarabati. Mafundi 2 walikufa. Sitajifanya hapa kuwa hakimu wa kilichotokea siku ile. Nasema jambo dogo zaidi ambalo hakuna anayeweza kulipinga: jumba lile halikuugua ghafla. Miaka kabla ya siku hiyo watu wa mji waliona vipande vikianguka, na jumba likafungwa kwa sababu ya ubovu wake. Ukarabati uliwakuta mafundi wakimtibu mgonjwa aliyekwisha kukata kauli. Waliolipa deni la miaka mingi ni vibarua wa siku moja.

Nimezungumzia hewa ukaa na chumvi. Niongeze moshi wenye salfa, kwa sababu hapo ndipo uongo wa "hatuna la kufanya" unapovunjika vizuri zaidi. Dioksidi ya salfa, inayotokana na kuchoma makaa ya mawe na dizeli chafu, ikikutana na unyevu huwa tindikali, na tindikali ikigusa jiwe la chokaa au marumaru hulifanya kuwa jasi. Jasi huyeyuka kwa mvua upesi kuliko jiwe lililoizaa. Pasipofikiwa na mvua hunasa masizi na kufanya gamba jeusi ambalo baadaye hubanduka na jiwe lake. Hivyo ndivyo sura za sanamu za makanisa ya Ulaya zilivyofutika. London haikusema ni hali ya hewa. Baada ya ukungu wa moshi wa Desemba 1952 ulioua maelfu ya watu, Bunge la Uingereza lilitunga Sheria ya Hewa Safi mwaka 1956. India haikusema ni hali ya hewa. Tarehe 30 Desemba 1996 Mahakama Kuu ya Juu ya nchi hiyo iliviamuru viwanda 292 vilivyokuwa kuzunguka Taj Mahal viache makaa ya mawe na kutumia gesi, au vihame.

Nasi tumewahi kufanya hivyo. Kuanzia Januari 2015 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubali kiwango kipya cha dizeli, kisichozidi sehemu 50 za salfa kwa kila milioni, baada ya miaka ya kuingiza dizeli chafu zaidi. Kwa hiyo tunajua njia. Kalamu moja iliyowekwa mahali panapostahili iliwatetea mapafu ya watoto na mawe ya Mji Mkongwe kwa wakati mmoja. Tatizo letu si kwamba hewa haitawaliki. Tatizo ni kwamba tumechagua kuitawala pale tu jambo linapomalizika kwa saini, tukaiacha pale linapohitaji mtu wa kurudi kila mwaka na nyundo, ngazi na daftari.

Tuje sasa kwenye tabianchi yenyewe, maana nataka kuitendea haki. Ni kweli dunia imepata joto, takriban nyuzi 1.1 za Selsiasi katika muongo wa 2011 hadi 2020 kulinganisha na nusu ya pili ya karne ya 19. Ni kweli usawa wa bahari umepanda kwa takriban sentimita 20 tangu mwanzo wa karne ya 20. Joto huharakisha kutu, hewa ukaa ikiongezeka hewani huharakisha safari yake ndani ya zege, na mvua kubwa za muda mfupi huingia katika nyufa ambazo mvua za rasharasha zisingefika. Ni kweli pia kwamba Afrika yote inatoa sehemu ndogo sana ya gesi hizi, na kwamba waliojaza anga ni wengine. Nayasema haya yote darasani, na nitayasema tena.

Lakini sikiliza hoja inavyotumiwa. Anayesema hatukuichafua anga, kisha akaacha nondo zilale mbaoni, hazungumzi juu ya haki ya tabianchi. Amejificha nyuma yake. Mwaka 2022 huko Sharm el-Sheikh mataifa yalikubali kuanzisha mfuko wa kufidia hasara na uharibifu unaotokana na mabadiliko ya tabianchi, na mwaka 2023 huko Dubai mfuko huo ukaanza kupewa sura. Siku tutakapopeleka madai kwa ajili ya majengo yetu ya pwani, mwenye deni atatuuliza swali la haki: sehemu gani ya uharibifu huu imeletwa na joto, na sehemu gani imeletwa na maji ya kisima cha chumvi? Tutajibu nini? Rekodi za ukaguzi ziko wapi? Nani alipima kina cha hewa ukaa katika nguzo zile mwaka jana, na mwaka juzi? Asiyepima hawezi kudai. Uzembe wetu wa ndani unaidhoofisha hata kesi yetu ya nje, ile tuliyo na haki nayo.

Wako watakaoniambia: Mwalimu, sisi ni maskini, matengenezo ni anasa ya matajiri. Ni kinyume chake. Mwaka 1984 mhandisi W. R. de Sitter alitoa kanuni ya makadirio inayojulikana kama kanuni ya tano: kazi nzuri ya shilingi moja wakati wa kusanifu na kujenga inaokoa shilingi 5 za matunzo ya kuzuia, ambazo zikikosekana huwa 25 za ukarabati, ambazo nazo zikikosekana huwa 125 za kujenga upya. Haidai usahihi wa senti, inaonesha mwelekeo, na mwelekeo wake unajulikana na kila aliyewahi kuacha bomba lidondoke. Tajiri ndiye anayeweza kumudu kubomoa na kujenga upya. Maskini hana njia ila kutunza.

Na maskini anatozwa kodi hii hata asipoishi ghorofani. Nenda mitaa ya uswahilini iliyo jirani na bahari uulize bati linadumu miaka mingapi. Dukani bati huuzwa kwa geji, na namba inavyopanda ndivyo bati linavyozidi kuwa jembamba. Mwenye uwezo hununua geji 28, asiye nao hununua 32. Kinachokinga bati ni zinki iliyopakwa juu ya chuma, nayo huliwa kidogo kidogo na chumvi na tindikali ya hewa. Ikiisha, kutu haichelewi. Upepo unaovuma ni mmoja, chumvi ni moja, lakini yule wa geji 32 ataezeka mara nyingi zaidi katika maisha yake. Nani amemwambia dukani kwamba bati hili si la pwani?

Kwa nini basi hatutunzi? Kwa sababu matunzo hayana utepe wa kukata. Sijawahi kuona kiongozi akipigwa picha akizindua mfereji wa maji ya mvua uliozibuliwa, au akihutubia wananchi kwa furaha ya nguzo iliyopimwa ikakutwa salama. Jengo jipya lina jiwe la msingi lenye jina. Jengo lililookolewa halina. Siasa yetu imejengwa juu ya kuanzisha, na bajeti zetu zinafuata siasa yetu. Tumeufanya msemo wa usipoziba ufa utajenga ukuta kuwa pambo la hotuba. Kila mtu anaukariri, na hakuna fungu la bajeti linaloubeba. Hata sisi wapangaji tumo: tunauliza kodi, maji na maegesho, hatuulizi jengo lilikaguliwa lini. Na sisi walimu wa vyuo vikuu tumo pia, tunaoandika utafiti wa kutu kwa lugha ambayo msimamizi wa jengo hatausoma, kisha tukashangaa anasema ni bahari.

Nadai mambo matano, na yote yanawezekana bila kusubiri fedha za mtu. Kwanza, kila jengo la umma na la kupangisha lililofikisha umri wa miaka 20 katika miji ya pwani likaguliwe na mhandisi aliyesajiliwa kila baada ya muda maalumu, na matokeo yabandikwe mlangoni, mahali mpangaji na mama wa vitumbua wanapoweza kuyasoma, kwa Kiswahili. Pili, sehemu ya kodi ya pango iwekwe katika akaunti ya matengenezo isiyoguswa kwa jambo jingine. Tatu, zege lisimwagwe kabla mkaguzi hajapima kwa rula umbali wa nondo kutoka mbaoni, na maji na mchanga visipimwe chumvi kwa macho. Nne, katika Mji Mkongwe na maeneo yote ya urithi, plasta ya saruji juu ya kuta za matumbawe ikomeshwe, na mafundi wa chokaa waliobaki walipwe kufundisha vijana. Tano, jengo likianguka, ripoti ya uchunguzi itangazwe kwa wananchi yote, si muhtasari wake. Aliyefiwa ana haki ya kujua kama ndugu yake aliuawa na upepo au na saini.

Nimepita tena pale juzi. Plasta mpya ya kibaraza imekwisha kutoa ufa, mwembamba kama unywele, umenyooka, unafuata mstari wa nondo. Nilimwonesha msimamizi. Akaniambia wataupaka rangi mwisho wa mwezi. Nikamwonesha mama, nikamwomba asogeze kigoda chake hatua nne kuelekea barabarani. Alisogeza. Saa moja baadaye mgambo wa jiji walipita wakamwambia arudi ndani ya mstari, chini ya kibaraza, kwa sababu anaziba njia.